Seva ya Barua Uliyoikuta Kwenye Mashine: Ing'oe Leo

Nitasema wazi tangu mwanzo, ili anayetaka kukasirika aanze mapema. Fundi akisakinisha seva ya Linux au FreeBSD kwenye ofisi ya watu, akaweka database, akapanga nakala rudufu za kila usiku, akapokea pesa zake na kuondoka bila kuigusa ile seva ya barua iliyokuja na mfumo, huyo hajamaliza kazi. Amewaachia askari wa usiku asiye na filimbi.

Majibu nayajua. Nimeyasikia Kitale, nimeyasikia Bungoma, nimeyasikia hata ndani ya matatu nikiwa nimebanwa kati ya jogoo na gunia la vitunguu. "Bwana, hiyo ndiyo iliyokuja nayo. Si inafanya kazi? Aliyelala usimwamshe." Methali nzuri. Ila tukumbuke aliyelala hapa ni nani. Ni huyo huyo askari.

Kwa wasomaji wageni kidogo wa mambo haya: tukisema seva ya barua, wengi hufikiria Gmail au Yahoo. Mimi leo nasema juu ya kitu kidogo zaidi. Ndani ya mashine ya jamii ya Unix kuna kazi ya utarishi. Kuna programu zinazofanya kazi peke yake usiku: cron inayoanzisha kazi kwa saa, smartd inayopima afya ya diski, mdadm inayochunga diski pacha. Hazina skrini ya kumwonyesha mtu chochote. Zikiona jambo, huandika barua kwa mwenye mashine, yaani akaunti inayoitwa root, na kumkabidhi tarishi. Na namna ya kukabidhi ni ya zamani sana: programu inaita nyingine inayoitwa sendmail, siku hizi iliyoko /usr/sbin/sendmail, inamwaga barua yake hapo na kuendelea na shughuli. Haijui, wala haitaki kujua, kama nyuma ya jina hilo yuko Sendmail mwenyewe, au Postfix, au Exim, au kijiprogramu kidogo ambacho hujawahi kukisikia.

Hapo ndipo penye utamu wote. Jina la mlango halibadiliki, kwa hiyo tarishi anaweza kufukuzwa na mwingine kuajiriwa bila mtu yeyote ofisini kugutuka. Huhitaji kubadilisha skripti hata moja. Hakuna kisingizio.

Sasa tazama tarishi uliyemkuta anafanya nini akiachwa alivyo. Barua ya root anaipeleka kwenye faili la /var/mail/root. Kwake yeye kazi imekwisha, barua imefika! Imefika ndani ya mashine ile ile iliyoiandika, ndani ya chumba chenye kufuli, mahali ambapo binadamu haingii mpaka stima ipotee na UPS ianze kulia.

Chukua chama kimoja cha ushirika wa maziwa huku Kwanza. Sitakitaja. Wakulima wanaleta maziwa alfajiri, karani anapima kilo na kuziingiza kwenye tarakilishi (nimeahidi kulitumia neno hili angalau mara moja kila makala), na mwisho wa mwezi kila mtu analipwa kwa kilo zake. Mashine ilikuwa na diski mbili, moja ya mfumo na moja ya data, pamoja na diski ya nje ya nakala rudufu. Kila usiku saa sita skripti ilinakili database na kuihifadhi kwenye ile diski ya nje. Mwezi wa tatu diski ya nje ikajaa. Tangu usiku huo skripti ilishindwa kila siku, na kila iliposhindwa iliandika barua ya kiungwana kabisa: hakuna nafasi iliyobaki kwenye diski. Mwezi wa kumi diski ya data ikafa.

Nilipoitwa, nilifungua /var/mail/root. Barua zaidi ya mia mbili, zimepangwa kwa tarehe, hakuna hata moja iliyosomwa. Miezi saba ya kilo za maziwa ikabidi itafutwe kwenye kadi za wakulima. Wazee walikuja na kadi zilizolowa mvua, nyingine zimetafunwa na panya. Mama mmoja alileta za kwake ndani ya mkebe wa Blue Band, kamili, zimefungwa kwa uzi mwezi kwa mwezi. Nakala rudufu yake ilikuwa bora kuliko ya mashine yenye bei ya ng'ombe wawili wa maziwa. Malipo yalichelewa wiki tatu, na hiyo ni Oktoba, wakati watu wanahesabia pesa hizo kulipa vibarua wa kuvuna mahindi.

Aliyeisimika ile mashine alifuata kitabu. Ile seva ya barua ilikuwa hai na, kama wanavyopenda kusema, "inafanya kazi". Kazi yake ilikuwa kuficha barua.

Tumheshimu mzee kabla ya kumtoa nje. Sendmail iliandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ikirithi programu yake ya awali iliyoitwa delivermail, na ikaanza kusambazwa na BSD mwaka 1983. Dunia ya siku zile haikuwa na mtandao mmoja. Kulikuwa na ARPANET, kulikuwa na UUCP ya mashine zilizopigiana simu usiku, kulikuwa na mtandao wa ndani wa Berkeley wenyewe, kila mmoja na mtindo wake wa kuandika anwani, huyu kwa alama ya @, yule kwa alama za mshangao zilizofuatana. Sendmail ilikuwa mkalimani wa lugha zote hizo. Ndiyo maana faili lake la sendmail.cf linafanana na nyayo za kuku kwenye ua uliomwagiwa majivu. Kila alama pale ilikuwa na sababu, na sababu zenyewe zilikuwa nzuri.

Sisi pia tulikuwa na dunia kama hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya Africa Online na wenzake kuanza kuuza huduma, mashirika yasiyo ya kiserikali Nairobi yalipata barua pepe kwa njia ya FidoNet, kupitia kituo cha ELCI, modemu ikipiga simu na kubadilishana mafungu ya barua. Aliyekuwa anaunganisha mitandao ya namna hiyo alimhitaji mkalimani. Lakini wewe wa Kitale unayetaka tu skripti ikuambie kwamba diski imejaa, unamhitaji mkalimani wa lugha gani?

Na mzee hakukosa madoa. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa Robert Morris ulivamia maelfu ya mashine za Unix, na mojawapo ya njia zake ilikuwa amri ya DEBUG iliyoachwa wazi ndani ya Sendmail. Matundu hayo yalizibwa. Ila kila aliyeendelea kuibeba alibeba pia mzigo wa kuichunga.

Wanaoshangaza ni hawa wanaomtetea mzee kuliko familia yake mwenyewe! Apple iliweka Postfix mahali pake kwenye Mac OS X 10.3 mwaka 2003. NetBSD iliiondoa kwenye toleo la 4.0 mwaka 2007 na kubaki na Postfix. Red Hat Enterprise Linux 6 ya mwaka 2010 ikaifanya Postfix kuwa tarishi wa kawaida. OpenBSD iliipokeza kazi OpenSMTPD, programu waliyoiandika wao wenyewe, katika toleo la 5.6 mwaka 2014. Mwishowe FreeBSD, mjukuu wa damu wa Berkeley, ilipotoa toleo la 14.0 Novemba 2023, tarishi wa kawaida akawa dma, kijiprogramu kilichozaliwa kwenye mradi wa DragonFly BSD. Miaka 40 tangu 1983. Kwa hiyo ukiniambia "hiyo ndiyo iliyokuja nayo", nitakuuliza: iliyokuja nayo mwaka gani, na kwa mfumo wa nani? Weka Debian kwenye mashine moja na Ubuntu kwenye nyingine, kisha omba kifurushi chochote kinachohitaji tarishi bila kusema unamtaka yupi. Debian itakuletea Exim, Ubuntu itakuletea Postfix. Mashine mbili, meza moja, matarishi wawili tofauti, na wewe hukuulizwa. Huo ni uamuzi wa mtu fulani, aliyeufanya mahali pengine kwa sababu zake. Pengine ni sababu nzuri. Bado si zako.

Wala msiniambie hili ni jambo geni kwetu. AfNOG, jumuiya ya waendesha mitandao wa Afrika, ilianza warsha zake mwaka 2000 huko Cape Town, na mwaka 2006 ilikuja Nairobi. Kwenye madarasa yake ya huduma za intaneti, wanafunzi walipewa mashine za FreeBSD, na moja ya mazoezi ilikuwa hii hii: zima Sendmail iliyokuja na mfumo, sakinisha Exim ya Philip Hazel wa Cambridge, hariri /etc/mail/mailer.conf ili jina la zamani lielekee kwa tarishi mpya. Waliosoma pale wakaenda kuendesha seva za watoa huduma na za vyuo kote barani. Walijifunza Exim, ndiyo, lakini pia walijifunza kwamba kilichokuja na mfumo kinaweza kuguswa. Somo hilo halijafika kwa fundi wa huku kwetu, na huu ni mwaka wa ishirini na ushei tangu lifike Nairobi.

(Naomba nichokoze kidogo. Desemba 2004 tulishangilia Jambo OpenOffice, kazi ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini menyu ikishatafsiriwa, mashine bado inamwandikia barua mtu asiyejulikana. Umiliki wa kompyuta ni pamoja na kujua barua zake zinakwenda wapi.)

Upande wa pili wa ugonjwa huu ni mpya zaidi, na mimi nauogopa kuliko wa kwanza. Wenye mifumo walipochoka kubishana juu ya tarishi yupi, wengine waliamua kusiwe na tarishi kabisa. Fedora 20 ya Desemba 2013 iliacha kusakinisha Sendmail bila kuweka mwingine. Seva nyingi za kukodi kwenye wingu na karibu kontena zote huja hivyo hivyo. Kwenye Debian na Ubuntu isiyo na tarishi, cron ikiwa na la kusema huandika mstari huu kwenye logi:

No MTA installed, discarding output

Yaani: hakuna wa kupeleka barua, natupa maneno. Soma tena. Haisemi nimeyahifadhi. Inasema natupa. Sendmail ya ule ushirika angalau ilitunza barua zile mia mbili, nikaweza kuwaonyesha wanachama tarehe ambayo mambo yaliharibika.

Chuo kimoja kidogo upande wa Bungoma kilikuwa na seva ya Ubuntu ya namna hiyo, mpya, safi, yenye diski pacha ili moja ikifa nyingine iendelee. Moja ilikufa. mdadm ilitaka kuandika barua, haikupata wa kumpa. Mashine ikaendelea kutembea kwa mguu mmoja, hakuna aliyejua kwa muda gani, mpaka mwalimu wa kompyuta alipoona taa nyekundu akitafuta waya ulioanguka. Walibahatika. Matokeo ya mitihani ya wanafunzi wote yalikuwa kwenye diski iliyobaki.

"Sawa fundi, lakini nani bado anatumia email? Weka WhatsApp. Weka SMS." Nayapenda maswali haya kwa sababu jibu lake ni fupi. cron haijui WhatsApp. smartd haijui WhatsApp. mdadm haijui WhatsApp. Zote zinajua sendmail, na zitaendelea kuijua. Ukitaka barua ikishafika kwenye sanduku la ofisi igeuzwe SMS kwa simu ya meneja, geuza, hiyo ni hatua ya baadaye. Barua kwanza itoke ndani ya mashine.

Wapo pia wanaonielewa vibaya na kukimbilia upande wa pili. Nikisema badilisha seva ya barua, wao wanasakinisha Postfix, Dovecot, kichujio cha barua taka na webmail, juu ya mashine ya shule iliyounganishwa kwa laini ya kawaida ya intaneti. Hapana, jamani! Laini hiyo mara nyingi haina hata anwani yake ya kudumu, iko nyuma ya anwani inayogawanwa na wateja wengine. Huwezi kuiwekea jina la kinyume kwenye DNS. Anwani za aina hiyo zimo kwenye orodha ya PBL ya Spamhaus, iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya laini ambazo hazipaswi kutuma barua moja kwa moja. Na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza kamba: anayewatumia barua lazima awe na SPF au DKIM, na jina la kinyume lililo sawa. Barua yako kutoka Kitale itakataliwa mlangoni, au itazikwa kwenye folda ya taka pamoja na wana wa mfalme wanaotafuta mtu wa kuwatunzia dola. Kuendesha seva kamili ya barua ni kazi ya kila siku. Mwenye nafasi na mshahara wa kuifanya aifanye, mahali penye anwani safi na stima ya uhakika. Ofisi ya ushirika haihitaji posta. Inahitaji tarishi mmoja anayejua njia moja ya kwenda posta.

Basi huyo tarishi awe nani? Nina sharti moja ambalo sitalilegeza: awe na foleni. Yaani akikuta njia imefungwa, aiweke barua na kujaribu tena baadaye. Watu wengi kwenye intaneti watakushauri msmtp. Ni programu nzuri na nyepesi, ninayo kwenye laptop. Lakini yenyewe haina foleni. Laini ikikatika dakika ile ile barua inapoandikwa, hiyo barua imekwenda na maji. Huo ni ushauri wa mtu ambaye intaneti yake haikatiki. Sisi tarehe 25 Agosti 2023 tulikaa gizani karibu nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Na hizo ni zile zilizofika kwenye magazeti. Za Endebess na Kiminini hakuna anayeziandika. Postfix, isipoambiwa vingine, hushikilia barua iliyokwama kwa siku tano. dma nayo hujaribu kwa siku tano kabla ya kukata tamaa. Hizo ndizo tabia za tarishi wa mashambani.

Mimi huchagua dma kwa mashine ndogo. Haisikilizi mlango wowote wa mtandao, haina mtambo unaokesha ukingoja wageni. Kwenye Debian au Ubuntu ni amri moja:

apt install dma

Kama Exim au Postfix ilikuwepo, itaondolewa yenyewe, kwa sababu mfumo haukubali matarishi wawili kwa mlango mmoja. Kwenye FreeBSD 14 tayari ipo. Lakini tahadhari: hata pale, ikiachwa ilivyo, barua ya root bado inaishia kwenye faili lile lile la ndani. Kubadilishiwa na wenye mfumo hakukuondolei kazi. Fungua /etc/dma/dma.conf uandike:

SMARTHOST smtp.example.com
PORT 587
AUTHPATH /etc/dma/auth.conf
SECURETRANSFER
STARTTLS
MASQUERADE seva@example.com

Kisha kwenye /etc/dma/auth.conf:

seva@example.com|smtp.example.com:nywila

Mstari wa kwanza unataja seva ya kupitishia barua, ya yule anayekuuzia huduma ya barua pepe, mwenye anwani safi na DKIM yake. Poti ni 587, si 25, kwa sababu 587 ni mlango wa wateja wanaojitambulisha kwa nywila, wakati 25 kwenye laini nyingi za kawaida imefungwa na mtoa huduma. MASQUERADE hubadilisha jina la mtumaji, maana seva nyingi za kupitishia hukataa barua iliyotoka kwa root@localhost, na kusema kweli hata mimi ningeikataa. Faili la nywila lisisomwe na kila mtu: mwenyewe awe root, kundi liwe mail, ruhusa ziwe 640. Kama unapitia Gmail, nywila yako ya kawaida haitafanya kazi. Google ilifunga njia hiyo kwa akaunti binafsi Mei 2022. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha utengeneze nywila maalumu ya programu.

Mwisho, kwenye /etc/aliases, mstari ambao ungeokoa zile kilo za maziwa:

root: ofisi@example.com

Penye watumiaji wengi na programu za wavuti zinazotuma barua, nitaweka Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema akiwa IBM na kutolewa mwaka 1998, na kuifunga isisikilize nje: inet_interfaces iwe loopback-only, relayhost iwe seva ya kupitishia. Ni kubwa kuliko dma, lakini maelezo yake yanasomeka na makosa yake yanaeleweka kwenye logi. Exim sina ugomvi nayo. Aliyeijua kwenye warsha na anaisasisha aendelee nayo kwa amani.

Neno "kusasisha" linanipeleka kwa wale watakaosema: mbona hata hizo mpya zina matundu? Zina. Juni 2019 kampuni ya Qualys ilitangaza tundu la CVE-2019-10149 kwenye Exim 4.87 hadi 4.91. Anwani ya mpokeaji iliyoandikwa kwa hila iliweza kuendesha amri kwa mamlaka ya root. Mei 2020 shirika la NSA la Marekani likaonya kwamba kundi la Sandworm, la ujasusi wa kijeshi wa Urusi, lilikuwa likiwavamia watu kwa tundu hilo tangu Agosti 2019, miezi mingi baada ya toleo la 4.92 lisilo na tundu kuwepo. Januari 2020 ikawa zamu ya OpenSMTPD, programu ya OpenBSD, watu wanaoheshimika kwa usalama kuliko wote, na tundu lao la CVE-2020-7247 halikuwa dogo. Simuuzii mtu malaika hapa. Lakini fikiria asubuhi ya tangazo kama hilo. Aliyechagua tarishi wake mwenyewe anajua kwa dakika moja kama linamhusu. Aliyeachiwa tarishi na mfumo anaanza kwa kuuliza "Exim ni nini?" wakati mashine yake inaiendesha. Kama hujui sasa hivi yako inaendesha nini, andika sudo ss -ltnp kwenye Linux, au sockstat -4l kwenye FreeBSD, utazame nani anasikiliza poti 25. Usiposubutu kuangalia, umeshajijibu.

Kuhusu ile anwani ya ofisi. Nimekuta mashine ambako fundi aliweka anwani yake binafsi. Nia ilikuwa njema. Kisha akapata kazi Qatar, na barua za mashine ya Kenya zikawa zinamfuata huko, akazielekeza kwenye folda moja na kusahau. Weka anwani ya ofisi, isomwe na watu wawili, na mmoja wao awe mtu wa hesabu ambaye haendi popote. Halafu panga cron itume barua moja kila Jumatatu asubuhi yenye neno moja tu, "nipo". Mashine iliyozimika haiwezi kukuandikia kwamba imezimika, kwa hiyo Jumatatu isiyo na barua ndiyo barua yenyewe. Mwonye huyo mtu wa hesabu akupigie simu asipoiona kufikia saa nne.

Kabla hujalipwa, fanya jaribio mbele ya mwenye mashine. Chomoa waya wa intaneti. Andika:

echo jaribio | mail -s jaribio root

Kisha andika mailq umwonyeshe barua imekaa kwenye foleni, inangoja. Nendeni mkanywe chai. Mkirudi, rudisha waya, andika dma -q kama huna subira, na mwambie atoe simu yake mfukoni.